Faili Lililonipeleka Tukuyu

Alikuwa amevaa buti za mpira na shati ambalo zamani alilivaa kwenye vikao vya Seneti ya chuo. Nililitambua kwa kola. Mkononi ameshika panga, anapunguza machipukizi kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba yake, na mvua ya Tukuyu ilikuwa imetulia kidogo.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Umekuja na gari la chuo?"

"Hapana, nimekuja na Coaster."

Akaangalia viatu vyangu vilivyojaa tope, akaelewa kwamba salamu tu hazikunitoa Mbeya.

Nilikuwa nimepanda gari Uyole alfajiri. Tukapita Isongole na magunia yake ya viazi kando ya barabara, tukapita Kiwira, mlima Rungwe ukiwa umefunikwa na ukungu upande wa kushoto muda wote. Safari nzima hiyo ilikuwa ya swali moja: faili liko wapi?

Mtaala wetu mmoja ulikuwa umefikia muda wa kuhuishwa. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, haipokei maneno matupu. Inataka kuona wadau gani walishirikishwa, walisema nini, Seneti iliamua nini, na chuo kilibadilisha nini baada ya hapo. Ushahidi wa mara iliyopita ulikuwepo. Kila mtu idarani alikumbuka kwamba uliandaliwa vizuri sana. Kwa wiki mbili tulifungua makabati, tukapekua kompyuta ya zamani, tukamuuliza hadi mhudumu wa ofisi. Simu ya Profesa haikupatikana. Mwisho katibu muhtasi akasema kwa upole, "Mama, si umfuate tu nyumbani?"

Profesa alinijibu kabla sijamaliza kuuliza. Kabati la pili kutoka dirishani, droo ya chini, jalada la kijani lisiloandikwa kitu juu.

"Kwa nini halikuandikwa?"

"Nililijua."

Tukaingia ndani. Mkewe akaleta chai na ndizi za kuchemsha, nikamshukuru kwa Kinyakyusa changu cha maneno mawili, *ndaga fijo*, akafurahi. Nilipoona Profesa ametulia nikauliza jambo ambalo kwa kweli sikuwa nimepanga kuliuliza. Nilitaka kujua kwa nini jalada lile, na mengine ya aina yake, hayakutajwa kwenye hati ya makabidhiano alipostaafu.

Alikaa kimya muda mrefu. Aliweka kikombe chini, akakigeuza kidogo kwenye kisahani.

"Niliogopa, mwanangu. Niliona kwamba siku nitakayomaliza kuwaeleza kila kitu ndiyo siku ambayo hamtanihitaji tena."

Hiyo ilikuwa wiki sita zilizopita. Sijapata usingizi mzuri tangu hapo.

Tunachokabidhi

Nimehudhuria makabidhiano mengi ya ofisi. Mkuu wa idara anatoka, mwingine anaingia. Amidi, yaani mkuu wa kitivo, anatoka, mwingine anaingia. Meza inafunikwa kitambaa, ofisa utumishi anasoma orodha, na watu wawili wanaweka sahihi. Funguo tano. Mihuri miwili. Kompyuta mpakato moja. Kiti cha kuzunguka kimoja, kizima. Printa moja, mbovu. Kisha picha ya pamoja, soda, na maneno mazuri kuhusu anayeondoka.

Samani zote zinajulikana zilipo. Mambo ndiyo hayajulikani.

Hakuna mstari unaosema kwamba mhadhiri fulani amesubiri kupandishwa daraja kwa sababu barua ya mtahini wa nje haikurudi, na mtahini huyo hujibu akipigiwa simu jioni. Hakuna mstari unaoeleza ahadi iliyotolewa kwa mdomo kwa wakulima waliotupa mashamba yao ya majaribio. Hakuna anayeandika kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza huchelewa kusaini fedha za Bodi ya Mikopo kwa sababu ratiba yetu ya vitendo inagongana na siku za kusaini, na kwamba kuna mwaka jambo hilo lilitaka kuzua mgomo, likazimwa na mtu mmoja aliyekwenda kukaa nao bwenini hadi usiku wa manane. Mtu huyo alikuwa Profesa. Mimi nililijua hilo kwa bahati tu.

Nilipopewa ukuu wa idara nilikuwa na shahada ya uzamivu niliyoisotea miaka mitano kwenye ukungu wa viazi mviringo. Nilikuwa nawajua wadudu na vimelea kwa majina yao ya Kilatini. Jumatatu ya kwanza ofisini nilikutana na bajeti, na mfumo wa ununuzi wa NeST, na PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, ikinitaka niwapime watumishi 14 ambao wengine walinifundisha, na kesi ya mtihani uliovuja. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kwenye tasnifu yangu. Nilijifunza kwa kukosea, na makosa yangu yaliwaangukia wanafunzi na wenzangu. Mwaka ule kuna watu walikosa vifaa vya maabara kwa muhula mzima kwa sababu sikujua tarehe ya mwisho ya kuwasilisha mahitaji.

Serikalini kazi ya kuandaa watakaotupokea ina jina zuri: mpango wa urithishanaji wa madaraka. Nimelisikia kwenye semina nyingi. Kwenye vikao vyetu idarani sijawahi kulisikia mara moja.

Msitu wa baba yangu

Nimezaliwa Mufindi, na nyumbani kwetu akiba ya mtu ni misindano. Baba alikuwa akipanda kipande kila mwaka, akipogolea vya nyuma, akivuna vya mbele. Kuna miaka alipougua mgongo akashindwa kupanda. Hakuna aliyeona tofauti. Msitu ulikuwa bado mnene, tulipita chini yake kwenda shule kama kawaida. Miaka karibu 20 baadaye tulipotaka kuvuna kwa ajili ya ada za wadogo zangu, tukafika mahali ambapo miti inaisha ghafla. Upande mmoja imeshavunwa, upande wa pili bado ni mikono ya mtoto.

Vyuo vyetu vikuu vina pengo kama lile.

Miaka ya 1990, wakati wa marekebisho ya uchumi, ajira serikalini zilibanwa, na vyuo vya umma havikuchukua vijana wa kutosha. Mwaka 2016 ajira zikasimamishwa tena wakati wa uhakiki wa watumishi hewa. Sibishani na sababu za wakati huo. Nasema tu kwamba aliyepaswa kuingia kama mkufunzi msaidizi mwaka ule, na GPA yake ya 3.8, ndiye ambaye leo angekuwa anakaribia kuwa mhadhiri mwandamizi wa kupewa idara. Hakuingia. Alikwenda benki, au alirudi Makete kulima.

Wakati huohuo vyuo vimeongezeka. Nilipokuwa shule ya msingi, kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini chuo kikuu kilikuwa kitu cha kusafiria, Dar es Salaam au Morogoro. Leo Mkwawa ni chuo kikuu kishiriki tangu 2005. Chuo cha ufundi kilichoanza Mbeya mwaka 1986 kimekuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, tangu 2012. Kuna Chuo Kikuu cha Iringa, Ruaha, Teofilo Kisanji, Katoliki cha Mbeya, kuna ndaki, yaani tawi, ya Mzumbe na ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Naona fahari ninapovitaja. Lakini kila kimoja kinahitaji makamu mkuu au rasi (mkuu wa chuo kishiriki au ndaki), manaibu, wakurugenzi, maamidi, wakuu wa idara. Viti vimezaliwa haraka kuliko watu wa kuvikalia.

Mwaka 2018 umri wa kustaafu wa maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vikuu vya umma uliongezwa kutoka 60 hadi 65. Ilisaidia. Bila hivyo programu kadhaa zingebaki bila msimamizi wa shahada za uzamivu. Sasa kuna mradi wa HEET, dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, unaojenga majengo na kusomesha wahadhiri. Huo nao utasaidia, na nimewaona vijana wakiondoka kwenda kusoma kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona miaka mingi. Ila kijana atarudi na uzamivu kama nilivyorudi mimi. Nani atamfundisha kukaa mezani na watu wanaogombana?

Nililomfanyia kijana mmoja

Hapa ndipo ninaposhindwa kumlaumu Profesa.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na mhadhiri msaidizi ambaye alikuwa na kipaji ambacho huwezi kukifundisha. Alikuwa akisikiliza kikao kizima kimya, kisha anauliza swali moja linalofungua mlango. Aliandaa andiko la kozi mpya, karibu lote peke yake. Usiku alikuwa akinitumia kurasa na mimi narudisha na wino mwekundu.

Siku ya kuliwasilisha kwenye kamati ilipofika, niliwasilisha mimi.

Nilijiambia kwamba kamati ina watu wakali na sitaki wamwumize. Nilijiambia kwamba bado ni mdogo. Nilimwambia, "Wewe kaa nyuma, ukisikia nimekosea takwimu niletee kikaratasi." Alileta vikaratasi viwili. Andiko likapita, nikapongezwa, nikasema "tumefanya kazi kama timu", nikalitaja jina lake mwishoni.

Baada ya miezi minane alihamia chuo kingine, mbali. Alipokuja kuaga hakuwa na kinyongo, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema, "Dokta, nimejifunza mengi kwako." Nikamwuliza kule anakokwenda kuna nini cha zaidi, mshahara ni uleule. Akajibu kwamba wamempa kuratibu programu.

Wamempa. Kwangu alikuwa na uwezo uleule na sikumpa chochote zaidi ya kazi.

Nimejiuliza mara nyingi kama kweli nilikuwa nikimlinda. Tangu Tukuyu nimeacha kujiuliza. Nilikuwa na hofu ileile ya jalada la kijani, ila yangu niliivika nguo ya malezi. Kama kamati ingeona kwamba kijana anaweza, wangeuliza mimi niko pale kwa ajili ya nini.

"Chuo si ufalme"

Niliporudi Mbeya nilimweleza mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, kwamba nataka tuanze idarani kuandaa watu wa kutupokea kijiti. Alinikatiza.

"Dada, kuwa mwangalifu. Chuo si ufalme. Ukianza kuandaa mrithi umeshachagua mtu wako. Na watu wako siku zote wanafanana na wewe, wanasali unakosali, wanatoka unakotoka."

Hoja yake ni nzito na nilikaa nayo siku nyingi. Tunajua jinsi inavyokuwa. Mtu akionekana anafuatana na amidi kwenye vikao, kesho yake ana jina: mtu wa fulani. Akikosea kidogo, anakosea kwa niaba ya kambi. Ndiyo maana nafasi za juu hutangazwa, kunakuwa na kamati ya kutafuta, majina yanachujwa, upekuzi unafanyika, na uteuzi unatoka kwenye mamlaka iliyo juu ya chuo. Utaratibu huo una sababu, na siutamani uondoke.

Lakini kamati ya kutafuta hutafuta miongoni mwa waliopo. Kama hakuna aliyewahi kubeba bajeti, haina wa kumpata.

Nilirudi kwenye historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho ndicho mama wa vyuo vyetu vingi. Kilipojitegemea mwaka 1970, Makamu Mkuu wa kwanza alikuwa Pius Msekwa, mtu wa chama na serikali. Mwaka 1977 akaja Ibrahim Kaduma, mtu wa Njombe huku kwetu, kutoka uwaziri. Mwaka 1980 Nicholas Kuhanga, naye aliwahi kuwa waziri. Miaka 18 ya kwanza, kiti kilijazwa na watu wa nje ya ukumbi wa mihadhara. Siwapunguzii heshima, chuo kilikuwa kichanga na nchi ilikuwa na wasomi wachache. Ndipo mwaka 1988 akaingia Geoffrey Mmari, mwalimu wa hisabati, ambaye baadaye aliongoza Chuo Kikuu Huria kikiwa ndiyo kinaanza. Mwaka 1991 akaja mhandisi Matthew Luhanga, akakaa miaka 15. Kisha Rwekaza Mukandala mwaka 2006, na William Anangisye mwaka 2017.

Kilichonivuta ni huyu wa mwisho. Kabla ya kuteuliwa alikuwa Rasi wa DUCE, chuo kishiriki cha elimu kilichozaliwa mwaka uleule wa 2005 na Mkwawa yetu ya Iringa. Kiti cha urasi kina ukubwa wa pekee. Kina bajeti, kina wanafunzi wanaoweza kugoma, kina majengo yanayovuja, lakini juu yake kuna mtu mwingine wa kumkimbilia mambo yakizidi. Aliyekaa hapo amejaribiwa mbele ya macho ya watu, na kamati ikija kutafuta ina kitu cha kupima. Hakuna aliyemsimika kuwa mrithi wa yeyote.

Nilimpelekea mwenzangu mawazo hayo. Alisoma, akaniambia, "Hilo naweza kukubali. Usiandae mtu. Andaa ngazi."

Niliona tumefika. Kumbe bado.

Ubusoka

Ni mwanafunzi wangu mmoja kutoka Rungwe aliyenikumbusha jambo ambalo mtu wa Mufindi hawezi kulijua kutoka nyumbani. Babu yake alikuwa akimsimulia, na watafiti waliokaa Rungwe miaka ya 1930 nao waliliandika: zamani Wanyakyusa walikuwa na siku ya kukabidhi nchi. Iliitwa *ubusoka*, kutoka nje. Ilikuja mara moja tu kwa kizazi.

Nimesoma na kuuliza kila niliyeweza kumuuliza. Wavulana wa miaka kama 10 au 11 walitoka nyumbani kwa baba, wakajenga vibanda vyao pembeni, rika moja mahali pamoja. Kula walirudi kwa mama zao, lakini kulala na kuzungumza na kugombana na kupatana kulikuwa kwao wenyewe. Walikua hivyo, wakaoa hivyo. Wakishakuwa watu wazima wenye watoto, baba zao wakatangaza ubusoka. Moto wa zamani ukazimwa, ukawashwa mpya. Nchi ya chifu ikagawanywa kwa wanawe wawili. Na wakuu wa vijiji wapya walichaguliwa na wakuu wa zamani wanaoondoka, lakini si kutoka kwa watoto wao wenyewe.

Nilisoma sehemu hiyo mara tatu. Wazee hawa walikuwa wameshaliona tatizo la mwenzangu. Hawakumwandaa mmoja. Waliliacha rika zima lijenge kijiji na kukaa humo miaka mingi wakati wao wenyewe bado wana nguvu za kurekebisha. Na mchaguaji alizuiwa kujichagulia damu yake. Ukuu wa vijiji ulipofika, mtu alipewa majirani aliokuwa anawafahamu tangu utotoni.

Nikafurahi. Nikaanza hata kuandika makala haya, yakiwa na mwisho mwingine kabisa.

Kisha nikafika kwenye sehemu ya chifu mzee. Baada ya ubusoka hakutarajiwa kuishi muda mrefu. Nchi ilikuwa imeshahamia kwa wanawe, na pumzi yake ilihesabiwa kuwa imekwenda nayo.

Nilifunga kompyuta. Nikamwona Profesa akikigeuza kikombe kwenye kisahani.

Anayetoka anakwenda wapi?

Kila andiko la urithishanaji nililowahi kuliona linamzungumzia anayeingia. Sifa zake, mafunzo yake, muda wa kumnoa. Anayetoka anatajwa kwenye mstari mmoja, kwamba atakabidhi.

Atakabidhi kwa nani, ili yeye abaki na nini?

Tazama tunavyowafanyia. Miaka 35 mtu anaitwa Profesa asubuhi na jioni. Ijumaa anaagwa. Jumatatu nyumba ya chuo ina mtu mwingine anayekuja kupima mapazia. Barua pepe ya chuo inafungwa, na ndani yake kuna mawasiliano ya maisha yake yote. Akija maktaba, mlinzi mgeni anamwomba kitambulisho. Mafao yana foleni zake. Simu iliyokuwa ikiita hadi akiwa msibani inanyamaza, kisha siku moja inaita, na ni mimi, namuuliza faili.

Mtu anayeona hayo yakimjia, akiwa na akili timamu, atakabidhi kila kitu kweli?

Nadhani tumekosea mahali pa kuanzia. Tunadhani wakubwa hawaandai watu kwa sababu ya uroho wa madaraka, na wapo wa hivyo, nimefanya nao kazi. Lakini wengi niliowajua si waroho. Walikuwa wanashikilia kitu cha mwisho kinachowafanya waulizwe. Ukimpa mtu kama huyo fomu ya mpango wa urithishanaji, ataijaza vizuri sana na jalada litabaki kwenye droo ya chini.

Kwa hiyo nilikwenda kwa wakubwa wangu na ombi ambalo halikuhusu vijana hata kidogo. Niliomba chumba. Kuna chumba kidogo mwisho wa korido yetu, kilichojaa viti vilivyovunjika. Niliomba kisafishwe, kiwekwe meza mbili, na wastaafu wa idara wawe na ufunguo wake, na barua pepe zao zisifungwe. Wasiwe na sahihi ya fedha, wasiwe na kura kwenye kikao, wasiwe na mkataba wa kukalia nafasi ambayo kijana anaisubiri. Wawe na meza tu, na jina mlangoni.

Jibu lilichukua wiki tatu. Nilihojiwa kuhusu umeme, kuhusu mlinzi, kuhusu nani atakuwa anawapa chai. Mkubwa mmoja aliniuliza kama simwogopi Profesa kuja kunisimamia kazi. Nilimwambia ukweli, kwamba namwogopa kidogo.

Viti vilivyovunjika viliondolewa Jumatano.

Na vijana? Nimegawa kamati za idara upya, kila moja ina mwenyekiti ambaye hajawahi kuwa mwenyekiti wa kitu. Mmoja wao ni mama wa mtoto mchanga, na kwa ajili yake tumehamisha vikao kutoka saa kumi na moja jioni kwenda saa nne asubuhi. Nashangaa jambo hilo lilihitaji miaka yote hii. Kikao cha kwanza cha kamati ya mitaala kiliendeshwa vibaya. Kilichukua saa tatu badala ya moja, ajenda ya nne haikufikiwa, na mwenyekiti aliruhusu mtu mmoja azungumze kwa dakika 40. Nilikaa nyuma. Mara mbili nilinyanyua mkono na mara mbili niliushusha. Jioni alikuja ofisini akiwa amekata tamaa, tukapitia muhtasari pamoja mstari kwa mstari, na sikumpa wino mwekundu.

Bado nina mashaka. Muhula wangu unaisha mwakani. Atakayekuja anaweza kuvirudisha viti vibovu kwenye chumba kile kwa siku moja. Sina namna ya kumfunga mikono, na sidhani ningepaswa kuwa nayo.

Jalada la kijani

Profesa alikuja Ijumaa iliyopita. Tulimtumia gari la chuo, safari hii. Alikuwa amevaa shati lile la kola, limepigwa pasi, na amebeba mkungu wa ndizi kwa ajili ya katibu muhtasi.

Aliangalia jina lake mlangoni, hakusema kitu. Aliketi, akajaribu meza kwa viganja kuona kama inacheza.

Mwenyekiti mpya wa kamati ya mitaala alimletea jalada la kijani pamoja na maswali yaliyojaza kurasa mbili. Nilikaa nao nusu saa kisha nikaona nimezidi, nikaondoka. Niliporudi mchana walikuwa bado wapo palepale, karatasi zimetandazwa hadi sakafuni. Alikuwa amejibu karibu yote. Swali moja, kuhusu uamuzi wa zamani uliomgharimu mtu kazi, alikataa kulijibu. Alisema hilo ataondoka nalo. Kijana alitaka kubembeleza, nikamkonyeza aache.

Nilipomwambia Profesa gari liko tayari, alisimama, akalifunga jalada, akaligeuza huku na huku. Juu bado hapakuwa na maandishi.

Akamwomba kijana kalamu ya wino mzito, akavaa miwani.

"Niandike nini?" akauliza.

Kijana alifikiri kidogo, akamtajia jina la programu na mwaka. Profesa akaandika polepole, kwa herufi kubwa, akapuliza wino ukauke.